Kioo cha OLED na sebule ya Kasanda

Hadi mwaka 2022, swali la televisheni ipi inafaa nyumbani halikuwa na uzito mkubwa katika wilaya za Kakonko, Kibondo na Kasulu mkoani Kigoma. Umeme wa TANESCO katika wilaya hizo ulitoka kwenye majenereta ya dizeli, na nje ya miji ya wilaya watu wengi walitegemea sola au walikaa gizani. Oktoba mwaka huo Rais Samia Suluhu Hassan alifika Kigoma kuzindua umeme wa Gridi ya Taifa, unaoingia kupitia Nyakanazi upande wa Kagera. Nguzo zikisogea vijijini, dishi hufuata. Baada ya dishi huja mjadala: inchi ngapi, kampuni gani, na hiyo OLED inayosifiwa kwenye matangazo ina nini cha ziada?

Wauzaji watasema OLED ndiyo picha bora kuliko zote. Kwa sehemu kubwa wanasema kweli, na ukweli huo usipunguzwe kwa sababu tu mnunuzi anaishi Kasanda, wilayani Kakonko, na si Masaki ya Dar es Salaam. Lakini waliobuni kioo hicho walitegemea mambo matatu: umeme usiokatika, chumba chenye mwanga hafifu, na picha safi inayoingia. Sebule ya nyanda za juu za Kigoma inalo la kwanza kwa kusuasua, la pili usiku, na la tatu kwa nadra. Faida na hasara zote za OLED huko zinaanzia hapo.

Ili kuelewa tofauti, ni vizuri kuanza na chogo. TV ya chogo, ile yenye mgongo mrefu iliyohitaji watu wawili kuinyanyua, ndiyo iliyoingia nyumba nyingi za Bara baada ya vituo vya kwanza kama ITV kuanza kurusha matangazo mwaka 1994, miaka ishirini hivi baada ya Zanzibar kupata televisheni yake ya rangi. Katika chogo kioo kiliwaka chenyewe pale kilipopigwa na mionzi ya elektroni. Pasipopigwa palibaki peusi. Flati zilizofuata, ziitwazo LCD au LED, hufanya kazi kwa namna nyingine. Nyuma ya kioo kuna taa, ambazo mafundi huziita bakilaiti, na mbele yake kuna tabaka la fuwele kimiminika linaloruhusu au kuziba mwanga. Kuziba huko hakukamiliki. Ni kama pazia jembamba dirishani mchana: hata ukilifunga, mwanga unapenya. Ndiyo maana usiku wa manane katika filamu huonekana wa kijivu kwenye TV nyingi za bei ya kawaida.

OLED imerudisha weusi wa chogo, na kuupita. Mwaka 1987 Ching Tang na Steven Van Slyke, wanasayansi wa Eastman Kodak ya Marekani, walichapisha maelezo ya diodi iliyotengenezwa kwa matabaka membamba ya kemikali zenye kaboni, inayotoa mwanga ikipitishiwa umeme mdogo. Miaka ishirini ilipita kabla ya ugunduzi huo kufika sebuleni. Sony ilianza kuuza XEL-1 nchini Japani Desemba 2007, na ilikuwa ya inchi 11 tu. Mwaka 2013 LG ikatoa ya inchi 55, ambayo ilipofika Marekani iliuzwa kwa dola 14,999. Siku hizi ya ukubwa huo hupatikana huko kwa dola elfu moja na kitu. Kila pikseli, na TV ya 4K ina zaidi ya milioni 8, huwaka na kuzimika bila kutegemea jirani yake.

Usiku ndipo kioo hiki kinapostahili sifa zake zote. Kasanda jua likishazama, karibu saa moja jioni, nje ni giza kamili na ndani inawaka taa moja, mara nyingi ile ya kwenye kona. Hakuna mabango ya barabarani wala taa za jirani zinazoingia dirishani. Hicho ndicho chumba ambacho wahandisi wa OLED walikifikiria. Filamu kama Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotoka mwaka 2021 na yenye vichochoro vya usiku na vyumba vya mwanga hafifu vya Zanzibar, hupoteza mengi kwenye LCD ya kawaida: uso wa mtu aliyesimama kivulini huchanganyika na ukuta. Kwenye OLED kivuli kinabaki kivuli, na macho ya mtu yule yanaonekana. Mechi za Ligi ya Mabingwa Ulaya nazo, zinazoanza saa nne au saa tano usiku kwa saa za Afrika Mashariki, huangukia wakati huohuo mzuri.

Faida ya pili haizungumzwi vya kutosha madukani, ingawa kwa familia za huku huenda ikawa kubwa kuliko ya kwanza. Makochi ya sebuleni hupangwa kufuata kuta tatu, TV ikikaa kwenye ukuta wa nne. Wazazi wako mbele, vijana pembeni, watoto kwenye mkeka, na majirani waliokuja kuangalia Simba na Yanga hujibana penye nafasi. Anayekaa kochi la pembeni huitazama TV kwa mshazari mkubwa. LCD nyingi zina aina ya kioo kinachotoa weusi mzuri kwa aliye katikati tu. Ukisogea pembeni rangi hupauka. Aina nyingine huhifadhi rangi pembeni, lakini weusi wake ni wa kijivu kwa kila mtu. OLED haimlazimishi mnunuzi kuchagua. Aliye pembeni anaona takribani kile anachokiona baba mwenye nyumba. Kwa sebule inayopokea watu, hilo ni jambo la maana.

Kasi nayo ni nzuri. Pikseli ya OLED hubadilika kwa sehemu ndogo sana ya milisekunde, ilhali fuwele za LCD huchukua milisekunde kadhaa, hivyo mpira uliopigwa kwa nguvu hauachi mkia. Ila filamu zilizopigwa kwa fremu 24 kwa sekunde huonekana kuruka kidogo kamera inapozunguka taratibu, kwa sababu kila fremu inasimama wazi mno kabla ya inayofuata. Wengine huudhika, wengi hawalioni.

Mchana mambo hubadilika. Mechi nyingi za Ligi Kuu huchezwa alasiri, saa kumi, mlango ukiwa wazi na jua la upande wa Burundi likiingia ndani. Uwanja wa nyasi zilizopigwa na jua hujaza kioo kizima kwa rangi angavu, na hapo OLED hujipunguza mwanga yenyewe ili isile umeme kupita kiasi na isipate joto. Doa dogo la mwanga, kama taa ya gari usiku, linaweza kufika niti 1,000 na zaidi (niti ni kipimo cha ukali wa mwanga wa kioo). Picha nyeupe ya kioo kizima katika modeli nyingi hubaki kwenye niti 150 hadi 250. LCD nzuri zenye taa ndogondogo nyingi nyuma, zile za mini-LED, huzidi 500 bila shida. Kwa hiyo kwa mtu ambaye televisheni kwake ni mpira wa alasiri, LCD ya bei ndogo zaidi inaweza kumpa picha inayoonekana vizuri kuliko OLED.

Kuna pia suala la kinachoingia. Dar es Salaam ilizima mitambo ya analojia usiku wa Desemba 31, 2012, mikoa mingine ikafuata kwa awamu, na leo karibu kila nyumba yenye TV ina king'amuzi. Lakini hata chaneli zilizo bora zaidi, za HD, hubeba pikseli milioni 2 kwa kila picha. TV ya OLED ya 4K inazo milioni 8 na inalazimika kukisia robo tatu ya kinachoonekana. Chaneli nyingi hazifiki hata HD. Zaidi ya hapo, picha hubanwa sana ili chaneli nyingi zienee kwenye setilaiti, na madhara ya kubanwa huonekana kwanza kwenye sehemu za giza, kwa umbo la vibonge vinavyochezacheza. LCD yenye weusi wa kijivu huvificha. OLED huvianika. Aliyenunua kioo cha mamilioni akakiunganisha kwenye king'amuzi chenye chaneli za kawaida, atashangaa kuona tofauti na TV ya jirani ni ndogo kuliko alivyotarajia.

Lalamiko linalosikika zaidi dhidi ya OLED ni kuungua kwa kioo. Kemikali zinazotoa mwanga huchakaa kadiri zinavyowaka, na za bluu huchakaa haraka kuliko nyingine. Picha ikibadilikabadilika, kioo kizima huchakaa kwa usawa na hakuna anayegundua. Lakini nembo ya kituo haiondoki kwenye kona, ubao wa matokeo haubanduki juu, na utepe wa habari chini hukaa kutwa nzima. Pikseli za sehemu hizo zinaweza kuchoka mapema, na kivuli chake kikabaki hata ukibadilisha chaneli. Maabara ya Rtings ya Canada ililijaribu jambo hili kuanzia Januari 2018 kwa TV sita za LG, zikiwashwa saa 20 kwa siku. Zilizokuwa zikionyesha CNN ziliacha alama za kudumu, wakati iliyokuwa na mchezo wa video wenye picha zinazobadilika ilibaki karibu safi baada ya maelfu ya saa. Vioo vya leo ni bora kuliko vile, ila kanuni haijabadilika. Familia inayotazama taarifa ya habari, tamthilia na mechi kwa zamu haina sababu ya kuogopa sana. Mwenye banda la video, au kibanda umiza kama kinavyoitwa, anayewasha chaneli moja ya michezo kutwa nzima wiki baada ya wiki, anajitafutia hasara.

Hapa ndipo umeme wa nyanda za juu unapoingia, kwa njia ambayo wanunuzi wengi hawaambiwi. OLED hujitunza yenyewe. Katika TV za LG, kwa mfano, kila ikishafikisha jumla ya saa nne za kuwaka, hungoja izimwe kwa rimoti, kisha kwa dakika chache, kioo kikiwa cheusi, hupima hali ya pikseli na kusawazisha zilizochoka. Baada ya takribani saa 2,000 hufanya matengenezo marefu zaidi ya kama saa nzima. Kazi hiyo inahitaji plagi ibaki ukutani na umeme uwepo. Sasa tazama tunavyoishi. Wengi huzima TV kwenye swichi ya ukutani, kwa kuogopa uniti za LUKU kuliwa usiku. Umeme wenyewe hukatika bila taarifa katikati ya kipindi. Na kuanzia Oktoba hadi Mei, wingu jeusi likitanda, kitu cha kwanza ambacho mama mwenye nyumba atasema ni kuchomoa plagi na waya wa dishi, kwa sababu radi za ukanda huu si za mchezo. Yuko sahihi kabisa. Lakini TV inayochomolewa kila usiku haipati kamwe nafasi ya kujitunza, na kioo ambacho Seoul au Tokyo kingedumu miaka mingi bila alama, huku kitaanza kuonyesha vivuli mapema. Dawa si ngumu: izimwe kwa rimoti, iachwe robo saa kwenye umeme, ndipo ichomolewe. Tatizo ni kumfanya kila mtu ndani ya nyumba, pamoja na mtoto wa darasa la tatu, awe na mazoea hayo.

Hali ya hewa, kwa upande wake, inaisaidia OLED. Joto huharakisha uchakavu wa kemikali zake, na Kasulu na Kibondo, zilizo juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, zina usiku wa baridi ambao Tanga au Dar es Salaam hawaujui. Kwa nyumba ya bati isiyo na dari faida hiyo hupungua mchana. Kuna na jambo dogo ambalo mafundi watalitambua mara moja: ndani ya LCD kuna karatasi kadhaa za kutawanya mwanga zilizopangwa kwa nafasi, na wadudu wadogo wanaofuata taa wakati wa mvua huingia humo wakafa, wakaacha vidoadoa kwenye picha. OLED haina nafasi hiyo.

Ikiharibika, hata hivyo, hasara ni ya aina nyingine kabisa. LCD iliyogoma kuonyesha picha huku sauti ikitoka, mara nyingi imeunguza bakilaiti. Fundi mwenye uzoefu, Kasulu au Kibondo, hukifungua kioo taratibu, hupima ukanda wa taa mmojammoja kwa mita, hubadilisha iliyokufa, na TV hurudi nyumbani kwa gharama inayobebeka. OLED haina bakilaiti ya kubadilisha. Kioo chenyewe ndicho taa, kimefungwa kabisa ili hewa na unyevu visiingie, na ndicho kinachobeba sehemu kubwa ya bei ya TV nzima. Kikipasuka au kikiungua, kinachobaki ni kununua kingine. Waranti nyingi hazihusishi alama za kuungua, na vituo vya huduma vya makampuni viko miji mikubwa. Hasara hii ndiyo nzito kuliko zote kwa mnunuzi wa huku. Kushuka na kupanda kwa umeme kunaweza kuua TV yoyote. Ila ya LCD ina nafasi nzuri ya kufufuliwa hapohapo wilayani.

Bili ya umeme haitishi kama wengi wanavyodhani, angalau kwa waliounganishwa na gridi. OLED ya inchi 55 hula wati 100 hivi kwa matumizi ya kawaida, ikipanda na kushuka kutegemea mwanga wa picha. Ikiwashwa saa tano kwa siku ni nusu uniti, yaani uniti 15 kwa mwezi. LED ya inchi 32 yenye wati 40 hula uniti 6. Kwa mteja mdogo anayelipa takriban shilingi 122 kwa uniti, tofauti ni kama shilingi 1,100 kwa mwezi. La kuangalia ni kwamba bei hiyo nafuu ina kikomo cha uniti 75 kwa mwezi. Uniti 15 ni moja ya tano ya kikomo chote, na ukijumlisha friji na pasi, nyumba inaweza kuhamishwa kwenye bei ya juu ya zaidi ya shilingi 350.

Kwa wanaotumia sola hesabu ni kali zaidi. Betri ya asidi ya Ah 100 na volti 12 inabeba wati-saa 1,200, na ili idumu inafaa itumike nusu tu. Nusu hiyo, ikipita kwenye inveta, itawasha OLED ya wati 100 kwa kama saa tano, na taa za nyumba zibaki zimezimwa. Kitelevisheni cha inchi 24 cha umeme wa moja kwa moja, cha aina inayouzwa kwa mkopo pamoja na vifurushi vya sola, hutumia wati 15 hivi na kitawaka saa 40 kwa chaji hiyohiyo. Tena OLED za sebuleni huanzia inchi 42, ukubwa uliokuja mwaka 2022. Kwa vijiji ambavyo nguzo hazijafika, jibu ni wazi: haifai.

Lakini si haki kusema OLED bado haijafika Kasanda. Imefika zamani, mfukoni. Simu za Samsung zilianza kutumia vioo vya AMOLED kwa wingi kuanzia Galaxy S ya mwaka 2010, na leo zipo Tecno na Infinix zenye kioo hicho. Kijana anayejifunika shuka saa nne usiku na tamthilia aliyoipakua anatazama weusi uleule unaouzwa kwa mamilioni ukutani. Simu hizo zimetufundisha pia upande wa pili: kivuli cha kibodi kinachobaki kwenye kioo, mstari wa kijani unaotokea ghafla, doa jeusi linalotambaa kama wino baada ya simu kuanguka, na bei ya kioo kipya inayokaribia nusu ya bei ya simu. Anayetaka kujua OLED inavyozeeka aangalie simu aliyoitumia miaka minne, tena akijua kwamba TV inategemewa kudumu kuliko hapo.

Nani basi anunue? Mfanyakazi wa Kasulu mjini mwenye intaneti ya uhakika, anayetazama filamu usiku, mwenye stabilaiza nzuri na inveta ya akiba, atafaidi, na asidhaniwe kuwa anatapanya fedha. Familia ya Kasanda inayotaka mpira, habari na tamthilia kupitia king'amuzi itapata thamani zaidi kwenye LCD nzuri ya inchi 43 au 50, na fedha inayobaki ikanunua stabilaiza, mfumo mzuri wa kuzuia radi kwenye waya wa dishi, na spika, kwa sababu TV nyembamba za aina zote zina sauti dhaifu. Atakayekwenda Kariakoo asikubali kuuziwa QLED kwa jina la OLED. QLED ni LCD yenye bakilaiti na tabaka la ziada la kuboresha rangi; ni TV nzuri, ila haizimi pikseli mojamoja, na bei yake haitakiwi kufanana na ya OLED.

Kwa anayefikiria OLED iliyotumika, ya kutoka Dubai au Uingereza, ambayo bei yake huvutia, ukaguzi ufanyike dukani kabla ya fedha kutoka. Iwekwe picha ya kijivu kilichojaa kioo kizima, kisha nyekundu, kisha ya njano, kutoka kwenye flashi au YouTube, na taa za duka zizimwe. Nembo za vituo vya nje, mistari ya wima na mawingu ya rangi ya waridi vitaonekana kwenye rangi hizo hata kama vilijificha kwenye video ya maua ambayo muuzaji hupenda kuonyesha. Menyu ya baadhi ya modeli hutaja jumla ya saa ambazo TV imewaka. Ikisoma saa 15,000, huenda ilikuwa hotelini au dukani, si nyumbani kwa mtu. Ikinunuliwa, isafirishwe ikiwa imesimama wima ndani ya boksi lake na maboya yake, na mwenye mali ahakikishe kondakta hailazi juu ya magunia kwenye buti la basi, kwani zaidi ya kilomita 1,000 za safari ya kupanda Kakonko zinatosha kukipasua kioo hicho kabla hakijawashwa.